Istilahi za Elimu Maalumu na Uelewa wa Mzazi: Kigezo cha Heshima na Kigezo cha Uwazi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza istilahi nne za Kiswahili ambazo mzazi wa mtoto mwenye ulemavu hukutana nazo shuleni nchini Tanzania. Hoja kuu ni kwamba mageuzi ya istilahi katika uwanja huu yameongozwa zaidi na kigezo cha heshima kuliko kigezo cha uwazi, na kwamba pengo hilo linadhoofisha ridhaa ya mzazi katika maamuzi yanayomhusu mwanawe.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu lugha ya ulemavu katika Kiswahili umejikita kwa muda mrefu katika suala la utu. Majina kama vile kipofu, kiziwi, kiwete na kilema yana umbo la ngeli ya KI-VI, ingawa katika sentensi huchukua upatanisho wa viumbe hai. Umbo hilo limekosolewa kwa kumweka mtu katika safu moja na vitu, na hivyo yakapendekezwa maumbo kama mtu asiyeona na mtu mwenye ulemavu. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka huohuo. Hata hivyo, mageuzi hayo hayakufuata njia moja: Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA) kinaendelea kulitumia neno viziwi katika jina lake.

Mafanikio hayo ni makubwa. Lakini mzazi anayeitwa shuleni kujadili hatima ya mwanawe anahitaji jambo la ziada. Anahitaji kufahamu ni uamuzi gani unaofanywa, na neno analoambiwa linabeba matokeo gani.

2.0 Istilahi nne na tafsiri za mzazi

Istilahi ya kwanza ni upimaji, ambayo huambatana na ubainishaji. Kitaalamu, hii ni hatua ya kuchunguza uwezo wa mtoto na vikwazo vinavyomkabili kabla ya kuamua msaada anaostahili. Mzazi, hata hivyo, amelizoea neno hilo hospitalini na katika Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne. Akifuata maana ya hospitalini, atasubiri dawa; akifuata ya mtihani, atauliza iwapo mtoto amefaulu. Hakuna kati ya maana hizo inayomdokezea kwamba maelezo yake kuhusu namna mtoto anavyokula, anavyocheza na anavyowasiliana nyumbani ni sehemu ya ushahidi unaohitajika.

Ya pili, na yenye athari nzito zaidi, ni mtindio wa ubongo. Istilahi hii imetumika kwa hali mbili tofauti: ulemavu wa akili, na athari ya ubongo inayovuruga mwendo, mkao na udhibiti wa misuli. Mtoto mwenye hali hii ya pili anaweza kuwa na akili timamu kabisa, ila akashindwa kushika kalamu au kutamka kwa ufasaha. Mzazi wake akielewa kwamba ni akili iliyodumaa, anaweza kukubali mtoto aondolewe katika masomo ya kawaida, ilhali alichohitaji ni kiti kinachomfaa, muda zaidi wa kuandika na njia mbadala ya mawasiliano.

Ya tatu ni mpango wa elimu ya mtu binafsi, yaani malengo na msaada vinavyopangwa kwa ajili ya mtoto mmoja. Nchini Tanzania, neno binafsi likikaa karibu na elimu huleta haraka fikra ya shule binafsi, na pamoja nayo karo. Istilahi mpango wa ujifunzaji wa mtoto mmojammoja ingeepusha mkanganyiko huo.

Ya nne ni elimu jumuishi. Shule ya kawaida yenye kitengo maalumu, ambamo watoto wenye ulemavu husoma peke yao, inaweza kuitwa jumuishi. Vivyo hivyo shule ambayo watoto wote husoma darasa moja, na mwalimu hurekebisha mbinu zake. Kwa mtoto, tofauti ya mazingira hayo mawili ni kubwa. Kwa mzazi, jina ni lilelile.

3.0 Hitimisho na mapendekezo

Mifano hii inaonyesha kwamba istilahi inaweza kuwa na staha na bado ikamwacha mzazi gizani. Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, vyombo vya lugha, vikiwemo BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, vitenganishe kwa istilahi mbili hali zinazobebwa sasa na mtindio wa ubongo. Pili, kila istilahi ijaribiwe kwa wazazi kabla ya kusanifishwa, kwa kuwataka waeleze kwa maneno yao walivyoielewa. Tatu, fomu ya ridhaa iandamane na maelezo mafupi yanayojibu maswali haya: nini kimeonekana kwa mtoto, nini kitabadilika katika masomo yake, na mzazi afanye nini asiporidhika.

Suala hili linazihusu pia nchi jirani zinazopanua matumizi ya Kiswahili katika elimu. Zikizichukua istilahi hizi kama zilivyo, zitauchukua pia utata wake, na mzigo wa utata huo utamwangukia mtoto.