Uzi Umeisha, Kigurudumu Kipo

Januari ikikaribia, mafundi wa nguo wa Kibugu hulala kidogo. Wazazi wameleta vitambaa vya sare, kila shule na rangi yake, na cherehani moja hubadilishwa uzi mara nne au tano kwa siku: maruni, kijani, bluu iliyoiva, kijivu. Uzi ukiisha, mkono wa fundi hufanya jambo lile lile hata bila yeye kutazama. Huchomoa kigurudumu kitupu kwenye kijiti chake na kukiangusha sakafuni, katikati ya mabaki ya vitambaa. Jioni vyote hufagiwa pamoja, vikatiwa kwenye karai moja, vikapelekwa nyuma ya nyumba.

Nyuma ya nyumba ndiko kunakonishughulisha. Mashambani hakupiti lori la taka. Kinachotoka kwenye kibanda cha fundi huishia shimoni, motoni, kwenye samadi au kwenye mtaro, na Kibugu iko kwenye mteremko wa Mlima Kenya. Mvua ya Aprili ikinyesha, kilichoachwa mtaroni hakikai. Mito ya upande huu, Kapingazi ukiwamo, huteremka kuingia Rupingazi, na maji hayo safari yake ni ya kuelekea Tana.

Nimefundisha ushonaji kwa miaka mingi, na kila muhula lazima aibuke mmoja wa kuuliza: "Mwalimu, hivi vitupu tuvifanyie nini?" Wengi hutarajia niwaonyeshe pambo: kishikio cha mshumaa, shada la ukutani, fremu ya picha. Sina ugomvi na mapambo. Lakini fundi anayemaliza vigurudumu thelathini kwa mwezi hana mahali pa kutundika mapambo thelathini. Jibu langu huwa moja: kama bado ni cha mviringo na hakijapasuka, kazi yake ni kubeba uzi tena. Mengine yote yaje baada ya hilo.

Ila kabla ya kuamua chochote, ujue umeshika nini. Vile vidogo vigumu vinavyong'aa, vya uzi wa dukani, mara nyingi ni polistireni. Koni kubwa za plastiki, zile za uzi wa maelfu ya yadi, mara nyingi ni polipropilini. Ziko pia koni za karatasi ngumu, ambazo wafumaji wa sweta wa mashine huzijua sana, na bobini za chuma zinazokaa chini ya sindano. Chuma hujulikana kwa sumaku na karatasi kwa macho. Plastiki hizo mbili ndizo zinazofanana, na kuzitofautisha ni kazi ya ndoo ya maji.

Bandua karatasi za nembo, zamisha kila kimoja kwa mkono, ukitikise ili hewa iliyojificha tunduni itoke, kisha ukiachie. Koni itapanda juu. Kigurudumu kidogo kitakaa chini. Sababu ni uzito: lita moja ya maji ni gramu 1,000, polipropilini ya ujazo huo huo ni takriban gramu 900, na polistireni ni takriban gramu 1,050. Tofauti ya polistireni na maji ni ndogo kiasi kwamba ukikoroga chumvi ya kutosha kwenye ndoo ile ile, kilichozama nacho kitaanza kupanda. Wanafunzi wangu hulipenda sana jaribio hili. Asiye na ndoo akiangushe kwenye sakafu ya saruji: polistireni hulia kwa sauti kali kama kijiko, polipropilini hutoa mlio mzito. Ukiikunja, polistireni huvunjika ghafla na kuacha ncha kali, ilhali polipropilini hujikunja ikaacha alama nyeupe pale ilipokunjika.

Sasa turudi kwenye kujaza upya. Uzi wa koni ni nafuu kuliko uzi wa vigurudumu ukipima yadi kwa yadi, lakini fundi mdogo huogopa kununua koni ya yadi 5,000 ya rangi moja. Yadi 5,000 ni mita 4,572. Zigawe kwenye vigurudumu vya yadi 100 na utapata hamsini. Mafundi watano wakichanga wakanunua koni tano za rangi tano, kila mmoja anaondoka na vigurudumu kumi vya kila rangi, na wala hakuna aliyenunua kigurudumu kipya.

Kuzungusha kwenyewe hufanywa kwenye kile kizungushio cha kujazia bobini. Tundu la kigurudumu ni pana kuliko kijiti cha kizungushio, kwa hiyo chonga kipande cha mti kiingie kwa kubana, au viringisha ukanda wa kitambaa hadi kigurudumu kisiyumbe. Kabla ya kuanza, kagua ukingo. Vuta uzi mwembamba kuzunguka ukingo wote; mahali popote utakapokwama, pana kimeno kidogo ambacho jicho halikioni. Kisugue kwa msasa. Kimeno hicho ndicho kinachomfanya fundi alaumu sindano, akabadilisha sindano mbili tatu, na uzi bado unakatika.

Halafu usikimbie. Uzi wa poliesta ukizungushwa kwa kasi huku umevutwa sana, hurefuka. Hukaa kwenye kigurudumu ukiwa umenyooshwa, huingia kwenye mshono ukiwa umenyooshwa, kisha vazi likishafuliwa unarudi kwenye urefu wake, na mshono unakunjamana. Mzazi huona sketi iliyojikunja ubavuni na kudhani fundi hajui kazi. Shika uzi kwa kitambaa kilichokunjwa, usiubane kwa vidole vitupu maana utakukata, na ukanyage pole pole.

Kuna jambo dogo ambalo ningependa kila fundi wa sare alifanye. Kwenye kigurudumu kitupu zungusha mita kumi tu za uzi wa rangi ya sare ile. Kata kipande cha kitambaa cha sare hiyo, ukubwa wa ukucha wa dole gumba, ukisokomeze tunduni kama kizibo. Mpe mzazi pamoja na nguo. Kifungo kikidondoka mwezi wa Machi, au pindo likifumuka, uzi uko nyumbani na rangi inajitambulisha yenyewe. Mita kumi zinatosha vifungo vyote vya shati na pindo juu yake.

Kazi ya pili ninayoithamini imetokana na hasara yangu mwenyewe. Huku kwetu karibu kila boma lina ng'ombe wa maziwa anayeletewa majani zizini. Ng'ombe hachagui chakula kwa midomo kama mbuzi. Hukumba kwa ulimi na kumeza. Nyuzi zilizosokotana hukaa tumboni mwake, lakini sindano ni balaa kubwa zaidi. Huangukia kwenye tumbo la pili, lile lenye kuta kama sega la nyuki, na kila tumbo linapojikaza, ncha husukumwa mbele. Mbele ya tumbo hilo kuna kiwambo chembamba, na nyuma ya kiwambo kuna moyo.

Tulikuwa na ng'ombe aliyeacha kula, akasimama amepinda mgongo, viwiko vimetengana na kifua. Alipokufa daktari wa mifugo alimpasua na kuniwekea mkononi kipande cha chuma cheusi. Nilikigeuza nikakitambua: upande mmoja ulikuwa bapa. Sindano ya mkono ni ya mviringo pande zote. Sindano ya cherehani ndiyo yenye shina lililopigwa bapa upande mmoja ili ikae sawa mahali pake. Ilikuwa yangu. Ilitoka sakafuni kwangu, ikaingia kwenye karai, ikafika kwenye nyasi.

Tangu siku hiyo pembeni mwa kila cherehani darasani kuna kigurudumu kitupu kilichozibwa chini kwa nta ya mshumaa. Sindano ikivunjika, fundi hatoki kwenye kiti kabla ya kupata vipande vyote viwili na kuvitia tunduni. Kikijaa, kinazibwa juu kwa nta, kinafungwa kwa kitambaa, kinatumbukizwa kwenye choo cha shimo. Hakirudi juu tena. Na kabla ya kufagia tunapitisha sumaku sakafuni, sumaku ya spika ya redio iliyokufa. Inafaa kabisa.

Wazo la kurudisha kitupu dukani lina umri mkubwa kuliko plastiki. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika mji wa Paisley huko Uskoti, familia ya Clark ilianza kutengeneza uzi wa pamba wakati vita vya Napoleon vilipokuwa vimezuia hariri kufika. Uzi wakati huo uliuzwa kwa vishada, na mnunuzi aliuzungusha mwenyewe. Karibu mwaka 1820 James Clark alianza kuuza uzi uliokwisha kuzungushwa kwenye kigurudumu cha mti, akitoza nusu peni ya ziada. Mteja akirudisha kitupu, alirudishiwa nusu peni yake. Mkenya yeyote aliyewahi kutumwa dukani na chupa ya soda mkononi anaielewa biashara hiyo bila kufundishwa. Kampuni ya Clark iliungana na ile ya Coats, ya mji huo huo, mwaka 1896, na vigurudumu vya mti wa bachi, mti wa nchi za baridi, viliendelea kuzunguka dunia hadi plastiki ilipovishinda katika nusu ya pili ya karne ya 20.

Vya mti vilikuwa na uzuri wake. Ukimkuta bibi mwenye sanduku la zamani la ushonaji, huenda bado anavyo kimoja viwili. Usivitupe hata kama vimepasuka. Vya mti ndivyo vinavyotengeneza tingatinga bora la watoto: unachonga meno kwenye kingo zote mbili, unapitisha utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli tunduni, upande mmoja unaubana kwa njiti fupi isiyozunguka, upande wa pili unaupitisha kwenye kipande cha mshumaa kilichotobolewa, kisha kwenye kijiti kirefu. Ukizungusha kijiti mara ishirini na kuliweka tingatinga chini, mpira unajaribu kujinyoosha, kijiti kinagusa ardhi kikashindwa kuzunguka, basi kigurudumu ndicho kinachozunguka, nalo tingatinga linapanda hata juu ya kitabu. Nta ya mshumaa ni ya kupunguza msuguano. Sabuni pia hufaa. Kigurudumu cha plastiki kinaweza kufanya kazi hiyo, ila huteleza. Kivishe kingo zake vipande vya tyubu, kitashika njia.

Kwenye moto sina maneno ya kulainisha. Najua vigurudumu huwasha kuni mbichi. Mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umelala juu ya majani chai na kuni zikitoa maji, polistireni hushika moto mara moja kwa sababu asili yake ni mafuta ya petroli. Tazama moshi wake: mweusi, wenye masizi yanayoelea kama nyuzi na kutua kwenye sufuria. Ndani ya moshi huo mna stireni, kemikali ambayo mwaka 2018 wataalamu wa shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa waliiweka katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Jiko la ndani, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi, mtoto mgongoni kwa mama. Tafadhali, wekeni kuni kwenye dari juu ya jiko zikauke, au tumieni maganda ya mahindi. Polistireni iliyovunjika ni afadhali ikae guniani mwaka mzima kuliko kuingia jikoni.

Koni za polipropilini zina bahati zaidi. Viti vya plastiki vya kupangwa, vile vya harusini na makanisani, hutengenezwa kwa plastiki hiyo hiyo, kwa hiyo mnunuzi wa plastiki kuukuu anayechukua viti vilivyovunjika hana sababu ya kuzikataa zikiwa safi na zimetolewa mabaki ya uzi. Uzi ndio anaouchukia, maana hujisokota kwenye mashine ya kusaga. Kata kwa wembe, usivute. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inatutaka wote tutenganishe taka zinazooza na zisizooza, na inamdai anayetengeneza au kuingiza bidhaa awajibike hata baada ya bidhaa hiyo kutumika. Anayetengeneza au kuingiza uzi naye yumo. Kikundi cha mafundi kina haki ya kumwuliza muuzaji wa jumla kama atapokea vitupu, na swali likiulizwa na mafundi kumi kwa pamoja husikika kuliko likiulizwa na mmoja.

Koni ya karatasi nayo, kama haikupakwa nta wala rangi nzito, igeuze ncha iwe chini, jaza udongo na samadi iliyooza, panda mbegu moja ya nyanya au ya hoho. Mche ukifika kimo cha kidole uuhamishie shambani pamoja na koni yake, ukiwa umeilowesha na kuipasua ubavuni ili mizizi ipate njia. Mizizi haiguswi, na karatasi huoza yenyewe.

Vilivyobaki, vile vigumu vilivyopasuka visivyoweza kubeba uzi wala sindano, nimeviweka kwenye gunia nyuma ya mlango wa darasa. Gunia limefika nusu. Wanafunzi waliomaliza mwaka juzi walilianzisha, na wa sasa wameandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito: SI YA MOTO.