Freetown ya mbali, Frere Town yetu

Sauti laini hubeba mazito. Nimelijua hilo kwa kusikiliza Freetown Sound, albamu ya mwaka 2016 ya Mwingereza Dev Hynes, ajiitaye Blood Orange. Ina nyimbo 17 za kuliwaza, zenye ladha ya soul na saksafoni ya mbali kama ndotoni, lakini ndani yake mna uchungu wa kuwa mweusi ugenini.

Freetown, Sierra Leone, ndiko kwao babake: mji ulioanzishwa mwaka 1792 na watu waliokuwa watumwa. Nami nikaikumbuka Frere Town yetu, Kisauni, walikopewa makao watumwa waliokombolewa. Kengele yao ndiyo asili ya jina Kengeleni. Je, wanetu wapitao pale kila siku wanalijua hilo? Msanii wetu na aanzie hapo, hata kwa sauti ya chini.