Nyama mbichi na chakula kikavu kwa mbwa: Mambo ya kuzingatia

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

KUCHANGANYA nyama mbichi na chakula kikavu cha kiwandani katika mlo wa mbwa si kosa kwa sababu tu vyakula hivyo viwili vimekutana katika bakuli moja. Madhara hutokana na mambo mawili: mahali ilikotoka nyama hiyo na kiasi kinachotolewa. Asiyeyazingatia huhatarisha afya ya mbwa wake, na pia ya watoto wanaocheza naye uani.

Kisiwani Unguja, suala hili si la wageni wenye hoteli za pwani pekee. Mbwa hufugwa kulinda nyumba katika maeneo kama Mbweni, Mazizini na Fuoni, na wasasi wa vijijini huwatumia kuwinda nguruwe mwitu wanaoharibu mazao. Kwa miaka mingi chakula chao kimekuwa mabaki: ugali, wali, vichwa vya samaki na vipande visivyouzika buchani. Chakula cha mifuko kinaponunuliwa, bei yake humlazimu mwenye mbwa kukiongezea mabaki hayo hayo ili kidumu.

Chakula kikavu cha punje, kinachopikwa kwa joto na mgandamizo mkubwa, kilienea baada ya kampuni ya Purina ya Marekani kuingiza sokoni punje zake mwaka 1957. Hoja ya kurejea nyama mbichi na mifupa ilipata nguvu mwaka 1993, daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, alipochapisha kitabu cha kuitetea. Tangu hapo wamiliki wengi wamechagua njia ya katikati, yaani kuchanganya.

Wapo wanaodai kuwa nyama mbichi humeng'enywa upesi na punje polepole, hivyo vikichanganywa mbwa huugua. Dai hilo halina ushahidi madhubuti wa kisayansi. Kinachoweza kumharisha mbwa ni kubadilishiwa chakula ghafla. Chakula kipya huanza kidogo na kuongezwa kwa muda wa siku saba hadi kumi.

Tatizo la kwanza ni uwiano. Mfuko ulioandikwa kuwa ni chakula kamili una madini na vitamini zote kwa kipimo. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalisi kidogo sana, na mtoto wa mbwa anayelishwa nyama hiyo zaidi huweza kupata mifupa laini na miguu iliyopinda. Ini nalo likizidi huleta madhara ya vitamini A.

Kwa sababu hiyo, nyongeza isiyopimwa virutubisho hushauriwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Mbwa mzima wa kilo 20 huhitaji takriban kalori 1,000 kwa siku; asilimia 10 yake ni kama gramu 60 hadi 70 za nyama isiyo na mafuta. Anayetaka kutoa zaidi ya hapo anahitaji mlo uliopangwa na daktari wa mifugo.

Tatizo la pili ni vimelea. Kati ya mwaka 2010 na 2012, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipima sampuli 196 za vyakula vibichi vya mbwa na paka. Sampuli 15 zilikutwa na bakteria wa salmonela na 32 na wa listeria. Mbwa anaweza asiugue, lakini akawatoa bakteria hao kwa kinyesi na kuwaambukiza wa nyumbani. Mwaka 2012, chama cha madaktari wa mifugo wa nchi hiyo kilitoa msimamo wa kutoshauri nyama mbichi isiyotibiwa.

Kwa Afrika Mashariki hatari kubwa zaidi ni tegu mdogo wa mbwa. Mbwa humpata kwa kula maini au mapafu mabichi yenye malengelenge ya maji. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi, hunata kwenye manyoya na kuingia kinywani mwa mtu kwa mikono isiyooshwa. Malengelenge hayo hukua polepole ndani ya ini au mapafu ya binadamu, pengine kwa miaka mingi, na mara nyingi huhitaji upasuaji.

Turkana nchini Kenya ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani, hata Amref ikaanzisha mpango wa kuudhibiti ugonjwa huo mwaka 1983. Nchini Tanzania umeripotiwa katika maeneo ya wafugaji kama Ngorongoro. Unguja nayo hupokea ng'ombe na mbuzi wa kuchinja kutoka Bara, hivyo kiungo kilichokataliwa na mkaguzi wa nyama hakifai kurushiwa mbwa. Ni cha kuteketezwa au kufukiwa.

Kugandisha nyama kwa baridi kali huua vimelea vingi vya aina ya minyoo, lakini hakuui bakteria; huwalaza tu. Tena friza hutegemea umeme, na Zanzibar ilikaa gizani takriban mwezi mmoja mwaka 2008, kisha takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Njia ya uhakika ni kuchemsha nyama hadi iive ndani. Mifupa iliyopikwa, hata hivyo, isitolewe, kwani hupasuka vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo.

Samaki pia wana masharti yao. Baadhi yao, hasa jamii ya dagaa, wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, kupika hukiondoa. Bunju hafai kabisa, kwa kuwa sumu yake haiondoki kwa moto.

Chakula kikavu nacho si salama kikihifadhiwa vibaya. Unyevunyevu wa masika huotesha ukungu, na ukungu huweza kuzalisha sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo katika mahindi iliwaugua watu 317 nchini Kenya, na 125 kati yao wakafariki. Unga usiofaa kwa watu haufai kupikiwa mbwa.

Kaya nyingi za Kiislamu Zanzibar, zinazofuata madhehebu ya Shafi, hutenga chombo cha mbwa na kukiosha mara saba, moja kwa udongo, chombo alichokiramba. Usalama wa chakula unadai hadhari kama hiyo kwa kisu na ubao vilivyokatia nyama yake mbichi: visitumike kukatia kachumbari ya familia.

Kwa mwenye mbwa wa Unguja, mpangilio ulio salama zaidi ni punje kuwa msingi wa mlo, nyama iliyoiva iwe nyongeza ndogo, na mbwa apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Dawa inayomuua tegu huyo ni prazikwanteli, ileile inayotolewa visiwani dhidi ya kichocho.