Jinamizi na Mlango wa Ndoto Tambuzi

Mtu anayezinduka usiku akashindwa kuinua hata kidole husemwa kwa Kiswahili kuwa amekabwa na jinamizi, na kitenzi hicho kinastahili kabisa, kwa maana wanaopatwa na hali hiyo husimulia mambo yanayofanana: macho yamefumbuka, chandarua kinaonekana mahali pake, lakini mwili ni mzito kama gogo, sauti haitoki, kifua kimekandamizwa, na kando ya kitanda kuna kitu kinachohisika kikisogea. Wajapani huiita kanashibari, yaani kufungwa kwa chuma, na Henry Fuseli, mchoraji mzaliwa wa Uswisi aliyeishi London, alichora mwaka 1781 picha mashuhuri ya zimwi lililochutama juu ya kifua cha mwanamke aliyelala.

Chanzo cha hali hii kimo katika mpangilio wa usingizi wenyewe. Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na katika kila mzunguko hufika kipindi ambacho macho huchezacheza kwa kasi chini ya kope, kipindi ambacho Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walikitangaza mwaka 1953 na ambacho ndicho chenye ndoto nyingi zilizo wazi. Ili anayeota kuwa anafukuzwa asikurupuke akajigonga ukutani, shina la ubongo, yaani sehemu inayounganisha ubongo na uti wa mgongo, hulegeza karibu misuli yote ya mwili, isipokuwa ile ya macho na kiwambo, ambacho ni msuli mpana wa kupumulia ulio chini ya mapafu. Mfaransa Michel Jouvet alionyesha umuhimu wa kizuizi hicho kwa kutumia paka: wale walioharibiwa sehemu ndogo ya shina la ubongo waliinuka wakiwa usingizini wakarukia windo lisilokuwapo.

Jinamizi, basi, ni akili kuamka kabla kizuizi hicho hakijaondoka. Kwa kuwa misuli ya mbavu imelegea na kiwambo kinafanya kazi karibu peke yake, anayejaribu kuvuta pumzi ndefu huhisi kama amekaliwa kifuani, ilhali hewa inaingia na kutoka kama kawaida. Na kwa kuwa ndoto nayo haijakatika, taswira zake humiminika ndani ya chumba halisi, ubongo uliojaa hofu ukizipa umbo la adui.

Umbo hilo hutokana na yale ambayo jamii imeyasikia. Mwaka 1995 Pemba, kisha Unguja, zilikumbwa na hofu ya Popobawa, kiumbe aliyesemekana kuwashambulia watu vitandani, hata familia nyingi zikalala nje kwa pamoja, na baadhi ya masimulizi ya wakati huo yanalingana mno na dalili za jinamizi, ingawa hofu ile ilikuwa na mizizi mingine pia, ikiwamo ya kisiasa. Kulitambua hilo hakumfanyi yeyote kuwa mwongo, kwa sababu aliyekabwa aliona na kuhisi kweli, na anastahili kuelezwa kwa upole wala si kuchekwa.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikadiria kuwa watu wapatao 8 katika kila 100 hupatwa na hali hii angalau mara moja maishani. Huchochewa na kukosa usingizi, kazi za zamu, msongo wa mawazo na kulala chali, kwa hiyo kulala ubavu na kushika saa zilezile za kulala huipunguza. Inapotokea, kupapatika huzidisha hofu. Mtafiti Baland Jalal alipendekeza mwaka 2016 kwamba mtu ajikumbushe kuwa hali hiyo ni ya muda na haidhuru, aelekeze moyo wake kwenye jambo analolipenda, kama vile dua au sura ya mpendwa, na aulegeze mwili badala ya kuulazimisha usogee. Anayesinzia mno mchana, au miguu ikimlegea ghafla anapocheka, amwone daktari, kwani huenda ana nakolepsia, ugonjwa wa mfumo wa usingizi.

Hofu ikishatulia, mlango mwingine huwa wazi. Ndoto tambuzi ni ndoto ambayo mwotaji anajua kuwa anaota, jambo ambalo Mholanzi Frederik van Eeden aliliandikia makala mwaka 1913 na ambalo lilipata ushahidi wa maabara mwaka 1975, pale Alan Worsley, akiwa usingizini mbele ya mtafiti Keith Hearne nchini Uingereza, alipoyapeleka macho yake kushoto na kulia kwa namna waliyokubaliana kabla ya kulala. Aliyekabwa na jinamizi yuko jirani sana na hali hiyo, kwa kuwa tayari ana fahamu ndani ya usingizi wa ndoto. Hana haja ya kujitahidi kuamka, bali hufumba macho, huacha taswira zijiunde, kisha hujiwazia akielea juu au akibiringika kutoka kitandani bila kutumia misuli. Tahadhari ni kwamba wanaojikatizia usingizi kila usiku kwa kuisaka ndoto hiyo hujinyima mapumziko na kuliita jinamizi upya. Aliyekwisha kuingia hutakiwa azuie furaha ya ghafla, ambayo humwamsha mara moja, na ndoto inapoanza kufifia husugua viganja vyake vya ndotoni mpaka mandhari irudi.