Je, Wajua? Semboja Aliteka Kiti cha Enzi, Akamkalisha Mwanawe

Je, wajua kwamba Semboja, mtawala wa Mazinde aliyeogopwa kote Usambara kwa bunduki zake na biashara ya watumwa, aliiteka Vugha, mji mkuu wa Washambaa, karibu mwaka 1868, kisha akamtawaza mwanawe mdogo, Kimweri Maguvu, badala ya kuhamia huko mwenyewe?

• Kimweri Maguvu alikuwa Simba Mwene, yaani mfalme wa Washambaa, lakini nguvu halisi ilibaki kwa baba yake, aliyekaa tambarare chini ya milima, ilikopita njia ya misafara ya pembe za ndovu.

• Mfalme aliyefukuzwa, Shekulwavu, alikuwa mtoto wa kaka yake Semboja, hivyo damu iliyomwagika ilikuwa ya ukoo mmoja.

• Mwana mwingine wa Semboja, Mputa, alirithi kiti hicho, lakini Wajerumani walimnyonga mwaka 1895, mwaka uleule aliofariki baba yake.

• Baada ya kumnyonga, Wajerumani walimtawaza Kinyashi, mwana wa Shekulwavu, na hivyo mtoto wa aliyepinduliwa akashika nafasi ya watoto wa aliyepindua.