Safari ndefu ya familia hupimwa kwa mtoto, si kwa gari

Kila likizo ya Juni na ya Desemba inapokaribia, baadhi ya kaya za Mbeya huanza kuweka akiba ili watoto wapelekwe Dar es Salaam, wakaione bahari na kucheza katika mabwawa na mitelezo ya maji ya Kunduchi Wet 'n' Wild. Ni safari ya furaha, lakini si fupi. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800, na kurudi ni nyingine kama hizo. Familia nyingi huipanga kwa swali moja tu: gari litafika kwa saa ngapi? Swali lililo bora ni jingine: mtoto mdogo kuliko wote, au bibi mwenye umri mkubwa kuliko wote, anaweza kukaa kitini kwa saa ngapi? Jibu lake ndilo liamue siku, vituo na fedha za safari.

Kuigawa njia

Dereva mwenye haraka huondoka saa 8 usiku akitumaini kuingia Dar es Salaam jioni ya siku hiyo hiyo. Barabara hii ina malori mengi yaendayo Zambia na Kongo, hivyo mwendo wake hauwi ule wa hesabu ya karatasini. Dereva huyo hujikuta katika sehemu ngumu za njia akiwa tayari na usingizi, huku nyuma yake watoto wakilia kwa njaa na uchovu.

Yafaa safari igawanywe. Siku ya kwanza iwe ya Mbeya hadi Iringa kupitia Makambako na Mafinga, kama kilomita 330. Siku ya pili iwe ya Iringa hadi Morogoro, kama kilomita 300. Ya tatu iwe ya Morogoro hadi Dar es Salaam, ambako hakuzidi kilomita 200. Familia isiyo na watoto wachanga, yenye madereva wawili, inaweza kulala Iringa peke yake. Kwa vyovyote vile, gari lisimame kila baada ya saa 2 ili watoto wanyooshe miguu, wanywe maji na kujisaidia. Kila msafiri afunge mkanda, na mtoto asipakatwe katika kiti cha mbele.

Baada ya Ilula barabara huteremka mlima Kitonga kwa kona kali. Hapo dereva atumie gia nzito ili injini ilizuie gari, kwa maana breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto na kushindwa kushika. Lori lililo mbele lisipitwe konani, hata likitambaa. Hiyo ndiyo faida ya kulala Iringa: Kitonga hupitwa asubuhi, dereva akiwa na macho maangavu.

Mbele yake, kuanzia Ruaha Mbuyuni, joto huzidi, na watoto waliozoea baridi huhitaji maji mara kwa mara. Kisha barabara hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Anayepita njia kuu halipi kiingilio, na mara nyingi watoto huwaona twiga, pundamilia, swala na nyani wakiwa ndani ya gari. Hata hivyo, hairuhusiwi kushuka wala kuwarushia wanyama chakula. Matuta na vibao vya mwendo viheshimiwe, kwani anayegonga mnyama hutozwa faini kulingana na aina ya mnyama huyo. Familia ikipenda kuingia hifadhini kwa malipo, watoto walio chini ya miaka 5 hawatozwi.

Kuhesabu fedha

Hesabu ya mafuta haihitaji kubahatisha. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 1,660. Gari linalotumia lita 1 kwa kilomita 10 litahitaji lita 166, na foleni za jijini huongeza, hivyo itengwe fedha ya lita 180. Idadi hiyo izidishwe kwa bei kikomo inayotangazwa na EWURA kila mwezi. Kisha ziongezwe gharama za malazi, chakula, viingilio na akiba ya dharura isiyoguswa. Jumla hiyo ilinganishwe na nauli za basi za familia nzima. Fedha zisipotosha siku za kupumzika njiani, ni heri safari iahirishwe hadi likizo nyingine kuliko kufutwa kwa usiku wa kulala.

Huduma zilizo karibu

Maandalizi mengi hukamilika ndani ya kata. Mtoto wa chini ya miaka 5 asiye na cheti cha kuzaliwa anaweza kusajiliwa katika ofisi ya mtendaji wa kata au katika kituo cha kutolea huduma za afya. Utaratibu huo ulianzia mkoani Mbeya mwaka 2013. Cheti hicho huondoa ubishi wa umri langoni, na hubaki na kazi kubwa zaidi siku ya kuandikishwa shule.

Mwenye maradhi ya kudumu, kama vile shinikizo la damu, kisukari au pumu, apite zahanati mapema achukue dawa za kutosha siku zote za safari. Kadi za bima ya afya ziwekwe pamoja na vitambulisho. Mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa, pamoja na jirani mmoja mwaminifu, wajulishwe kuwa nyumba haina watu. Gari likaguliwe na fundi siku kadhaa kabla, si usiku wa kuamkia safari: tairi pamoja na la akiba, breki, taa, jeki, kizimamoto na pembetatu za tahadhari.

Kunduchi

Kabla ya kuondoka nyumbani, mzazi apige simu kuuliza siku na saa za kufunguliwa, viingilio, na urefu unaotakiwa kwa mtoto katika kila mtelezo. Watoto wengi wa nyanda za juu hawajui kuogelea, na boya la kuvaa halichukui nafasi ya mtu mzima. Kila mtoto mdogo apewe mtu mmoja wa kumwangalia, aliye karibu naye kiasi cha kumfikia kwa mkono. Mahali pa kukutana wakipoteana paelezwe mapema, na namba ya simu ya mzazi iandikwe katika mkono wa mtoto.

Baada ya kurudi

Safari haiishi gari linapoingia uani. Mikumi, Morogoro na Dar es Salaam kuna mbu wa malaria kuliko nyanda za juu, kwa hiyo chandarua kiwemo katika mizigo na kitumike kila usiku. Dalili za malaria kwa kawaida huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, wakati ambapo watoto huwa wamekwisha kurejea nyumbani na wazazi wamesahau. Mtoto akipata homa katika wiki hizo, isidhaniwe kuwa ni mafua ya baridi. Apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, na mzazi amweleze mhudumu walikotoka. Kipimo cha damu hutoa jibu kwa muda mfupi, na tiba iliyoanza mapema huokoa maisha.