Lugha ya Bibi Isiishie kwa Bibi

Kila ifikapo Desemba mabasi ya kuja Singida hujaa watoto wanaokwenda likizo kwa bibi na babu. Wengine huendelea na safari hadi Kinyangiri, Iambi, Nduguti na vijiji vingine vya wilaya ya Mkalama. Wametoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, wamependeza, shikamoo yao ni ya adabu kabisa. Bibi anatoka jikoni akifuta mikono kwenye khanga, anawapokea kwa Kinyiramba, maneno yanamiminika kwa furaha. Mtoto anageuka na kumtazama mama yake: “Mama, bibi anasemaje?”

Hapo sisi akina mama hucheka, tukatafsiri, na maongezi yakaendelea. Mwaka unaofuata tunatafsiri tena. Bila kukusudia tumegeuka wakalimani kati ya mama zetu na watoto wetu. Je, bibi akiwa na la kumwambia mjukuu wake wakati sisi hatupo, atalisema kwa lugha gani?

Tusiulaumu Kiswahili. Tangu mwaka 1967, kilipofanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi, Kiswahili kimetufanyia kazi kubwa. Mnyiramba anaolewa na Mchaga, Mnyaturu anaolewa na Mndengereko, na nyumbani hakuna anayehitaji kusemewa. Katika nchi yenye lugha zaidi ya 120, hilo si jambo dogo. Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nasi tulishangilia pamoja na wengine.

Lakini shule haifundishi Kinyiramba, wala Kinyisanzu, wala Kinyaturu. Jirani zetu wa Kenya wameziingiza lugha za wenyeji katika madarasa ya chini. Sisi hatukufuata njia hiyo. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inahimiza lugha za jamii ziandikwe na kutungiwa kamusi, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Mradi wa Lugha za Tanzania mwaka 2001, ukatoa atlasi ya lugha zetu mwaka 2009. Hizo ni kazi njema za wasomi. Ila hakuna mtoto aliyejifunza kuomba maji kwa bibi yake kutoka kwenye atlasi. Mzigo huo uko jikoni kwetu.

Wachache wanaosema, na wengi walionyamaza

Watu hudhani lugha hufa kwa sababu ya uchache wa wasemaji. Tazameni basi Wahadzabe wa kijiji cha Munguli, katika wilaya hii hii ya Mkalama. Wahadzabe wote, kuzunguka Ziwa Eyasi, wanakadiriwa kuwa kati ya 1,000 na 1,500 tu. Lugha yao yenye sauti za kugonga ulimi kwenye kaakaa haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote duniani. Hata hivyo watoto wao bado wanaisema. Kwa nini? Kwa sababu mama akichimba mizizi anakuwa na watoto, naye anaitaja kwa lugha yake. Baba akifuata ndege wa asali anamwonyesha kijana kwa lugha hiyo hiyo. Lugha iko kazini kila siku. Kinyume chake, upande wa Mbulu, si mbali na hapa, ilikuwapo lugha iitwayo Kikwadza. Leo hakuna anayeisema.

Sasa twende mbali kidogo, hadi jimbo la Minnesota kule Marekani. Hiyo ni nchi ya asili ya Wadakota na Waojibwe, waliokuwapo kabla Wazungu hawajafika. Mwaka 1862 Wadakota walipigana na serikali ya Marekani wakashindwa. Tarehe 26 Desemba mwaka huo wanaume 38 walinyongwa kwa pamoja mjini Mankato, siku moja tu baada ya Krismasi. Watu wapatao 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walifungiwa kambini majira yote ya baridi kwenye ngome ya Fort Snelling, kisha wakafukuzwa katika jimbo lile.

Yaliyofuata yanatuhusu zaidi sisi tulio mama. Kuanzia mwaka 1879, shule ya Carlisle ilipofunguliwa, watoto wa makabila ya asili walipelekwa shule za bweni mbali na wazazi wao. Walinyolewa nywele, wakapewa majina mapya, na aliyesema lugha ya mama yake aliadhibiwa. Wengine walioshwa vinywa kwa sabuni. Baadhi ya shule hizo ziliendeshwa na makanisa, na hatuna budi kulisema hilo sisi tulio wa kanisa. Papa Fransisko aliwaomba radhi wenyeji wa Kanada mwaka 2022 kwa shule za namna hiyo zilizokuwa kule, na Rais Joe Biden akaomba radhi kwa niaba ya Marekani mnamo Oktoba 2024.

Watoto wale walikua, wakaolewa na kuoa, wakazaa. Wengi wao hawakuwafundisha watoto wao lugha hata neno moja. Hawakufanya hivyo kwa chuki. Walifanya kwa upendo, maana hawakutaka watoto wao wapigwe kama walivyopigwa wao. Jambo hili limetugusa sana tulipolisoma. Nani kati yetu hakumbuki kile kibao kilichovishwa shingoni mwa mwanafunzi aliyesema “kikabila” shuleni? Katika shule nyingi za Afrika Mashariki kilikuwapo. Na leo, mama anayemkataza mtoto Kinyiramba ili asije akachekwa mjini, au anayezuia hata Kiswahili nyumbani kwa sababu ameandikisha mtoto shule ya Ingilishi midiamu, naye anafanya hivyo kwa upendo. Upendo huo huo, na matokeo hayo hayo.

Tuseme wazi kwamba mtoto hachanganyikiwi kwa kusikia lugha mbili au tatu. Atachanganya maneno kwa muda, halafu atayapanga mwenyewe. Watoto wa Kiomboi na Singida mjini walifanya hivyo siku zote.

Bibi kuwa mwalimu

Je, kilichopotea hurudi? Wamaori wa Nyuzilandi walianza mwaka 1982 na shule za watoto wadogo walizoziita “viota vya lugha”. Walimu walikuwa akina bibi, na kazi yao ilikuwa kuongea tu na watoto kutwa nzima, wakiwalisha, wakiwalaza, wakiwaimbia. Wazo hilo likaenea. Mwaka 1990 Marekani ilipitisha sheria ya kuzilinda lugha za wenyeji wa asili. Jirani na Minnesota, katika jimbo la Wisconsin, ipo shule ya Waadookodaading inayofundisha masomo kwa Kiojibwe. Katika jiji la Minneapolis, mwaka 2014 ilifunguliwa shule ya Bdote yenye kufundisha Kidakota na Kiojibwe kwa watoto wa mjini, ambao wazazi wao wenyewe wengi hawazisemi lugha hizo.

Lililotupendeza katika mipango yao ni kwamba hawaanzi na sarufi. Waojibwe huwapeleka watoto kuvuna mpunga mwitu ziwani na kugema utomvu mtamu wa mti wa mepo, na maneno hufundishwa pale pale kazini. Hadithi za kale husimuliwa majira ya baridi tu, theluji ikiwa chini. Hapa wengi wetu tutatabasamu, maana sisi tuliambiwa hadithi hazisimuliwi mchana.

Basi yetu ni mpunga upi? Ni uwele na mtama. Ni mlenda. Zipo mboga za porini ambazo jina lake la Kiswahili wengi wetu hatulijui, tunalijua la nyumbani tu. Mama asipolitaja, mtoto ataita zote “majani”. Ziko pia sehemu za mtungi, za nyumba, aina za mawingu na tabia za mbuzi. Na kuna ukoo. Kwa Wanyisanzu, ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama. Mama akinyamaza hapo, baba hawezi kuziba pengo.

Kanisani nako mlango upo. Wamisionari wa Kilutheri wa Augustana, waliotoka Marekani, walifika Iramba katika miaka ya 1920. Mmoja wa waliowafuata, Howard Olson, aliyezaliwa St. Paul, Minnesota, mwaka 1922, aliisoma lugha ya Wanyaturu hadi akapata shahada ya udaktari. Alipofundisha Makumira alikusanya tuni za makabila ya Tanzania, zikatiwa maneno ya Kikristo na kuchapwa mwaka 1968 katika kitabu cha Tumshangilie Mungu. Hadi hapo nyimbo nyingi za ibada zilikuwa na sauti za Ulaya. Ni ajabu kwamba mtu aliyezaliwa katika mji uliojengwa juu ya ardhi ya Wadakota ndiye aliyetusaidia kuona kwamba tuni ya bibi yafaa ibadani.

Si kila la kale lifundishwe

Husemwa mwacha mila ni mtumwa. Tunakubali nusu. Mkoa wetu wa Singida unajua mila nyingine inayoitwa ukeketaji. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulionyesha kwamba wanawake 31 kati ya kila 100 mkoani walikuwa wamekeketwa. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na baada ya sheria hiyo baadhi ya watu wakahamia kwa watoto wachanga, wakisingizia kutibu lawalawa. Lawalawa ni maambukizo. Hutibiwa zahanati kwa dawa na usafi, wala haina uhusiano wowote na wembe. Bibi anayemfundisha mjukuu majina ya mboga tunamheshimu. Bibi huyo huyo akiomba aachiwe mtoto mchanga peke yake “kwa shughuli kidogo”, mama akatae, hata kama ni mkwe wake, na akiona hatari akatoe habari kwa mtendaji wa kijiji au polisi.

Kwa hiyo kikundi cha akina mama wa jumuiya kinaweza kuanza bila fedha. Chagueni jioni moja kwa wiki. Alikeni bibi wawili, watoto waje na kazi ya mikono: kuchambua mboga, kupepeta, kusuka mkeka. Saa hiyo Kiswahili kipumzike. Anayekwama aonyeshe kwa kidole, atatajiwa neno. Mama mmoja aandike kwenye daftari, hata kama tahajia inamsumbua. Mlioko mijini mpigieni bibi simu siku hiyo na kumpa mtoto aongee, japo ni salamu tu. Tarehe 21 Februari, Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama, watoto waimbe walichojifunza.

Na kama kuna simu yenye kurekodi, mwombeni bibi ruhusa, kisha mrekodi. Kamusi ya Kiojibwe ya Chuo Kikuu cha Minnesota, iliyofunguliwa mwaka 2012, imewekwa sauti za wazee wenyewe wakitamka maneno. Baadhi yao wameshafariki, nao wajukuu bado wanabonyeza na kumsikia bibi akitaja samaki, theluji, mtumbwi.